Anti, anayejua kazi hapelekwi semina, anayepelekwa hata hajui majalada yapo wapi

Shikamoo Anti. Mi msomaji wako wa kimyakimya wa siku nyingi, leo imebidi niandike maana nimechoka. Nipo Dodoma, taasisi ya umma, jina naliacha kwa sababu watu wa utumishi huku tunajuana wote. Nasimamia upande wa utawala, yaani masjala (kule yanakotunzwa majalada), waandishi waendesha ofisi (wale tuliozoea kuwaita makatibu mahsusi), mapokezi, wahudumu na dereva.

Tatizo lilianza na barua. Barua inaingia, inagongwa muhuri, inaandikwa kwenye rejesta, hafu ndo basi tena. Juzi kaja mzee mmoja mstaafu kufuatilia barua yake ya madai, kaja mara kadhaa huyo mzee na kila akija anaambiwa inafanyiwa kazi, tukaja kuikuta kwenye jalada la mtu mwingine kabisa, wanafanana jina la ukoo tu, tena imebanwa juujuu wala haina namba ya folio (ile namba ya mpangilio ya kila barua ndani ya jalada). Aibu niliyoiona siku hiyo Anti acha tu.

Bosi akasema hawa watu hawana mafunzo. Sawa, nikaona kheri. Ikapangwa semina Morogoro, wiki nzima hotelini, huduma kwa mteja na utunzaji wa kumbukumbu kidijitali. Sasa angalia walioenda: mwandishi wa bosi, dereva, dada mmoja wa uhasibu ambaye hata majalada hashiki, na kijana mmoja mgeni wa masjala (huyu angalau). Wamerudi na mabegi mapya na vyeti, picha zikajaa kwenye grupu la WhatsApp, Jumatatu kazi ikaendelea vilevile. Walifundishwa kuskani na kupanga mafaili kwenye kompyuta, ila skana yetu ni moja na ipo ofisini kwa bosi, na bosi akisafiri ofisi inafungwa na funguo anazo ye.

Baada ya hapo ikaja Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Picha kwenye fremu, inatundikwa pale mapokezi, na cheti. Mwezi wa kwanza mwandishi wa bosi. Baadaye watu wakanung'unika, bosi akasema basi kila kitengo kipate zamu yake. Ikaenda kwa zamu mpaka mwezi mmoja akapata jamaa ambaye alikuwa likizo. Ndiyo Anti, likizo. Watu walicheka mpaka basi.

Kinachoniuma ni Mama T. Huyu mama ameanza masjala mimi nipo sekondari. Ukimtajia jina tu anakwambia jalada lipo kabati gani, liliazimwa na nani na lini, na barua ya mwisho ndani yake inahusu nini. Zamani alikuwa anaondoka saa kumi na mbili jioni bila kuulizwa na mtu. Hajawahi kwenda semina hata moja tangu nimefika hapa, kila nikipeleka jina lake bosi anasema "huyo akiondoka masjala itafungwa". Picha yake haijawahi kukaa mapokezi. Sasa hivi saa tisa na nusu kamili ameshika mkoba. Mtu akija kuuliza faili anajibu kwa upole kabisa, "muulize aliyetoka Morogoro". Hafanyi kosa lolote la kumwandikia barua ya kujieleza, anafanya kazi yake iliyoandikwa, hazidishi hata nukta, na mi kila asubuhi namwamkia shikamoo na macho nayaweka chini.

Na bosi sasa anataka niandike dokezo (lile andiko la ndani la kuomba kibali) la semina nyingine, safari hii Bagamoyo, na zawadi iongezwe iwe fremu kubwa na kikombe. Hela ya kuongezea watu haipo, hilo lipo nje ya uwezo wangu na wake. Maswali yangu: ni kweli kama huna hela hizi zawadi nyingine ni kupoteza muda? Niandike dokezo au nikatae? Na Mama T namrudishaje?

Msimamizi niliyechoka, Dodoma

---

Marahaba mwanangu. Pole, na huyo mzee mstaafu mpe pole zangu pia, natumaini barua yake imeshafika kunakotakiwa.

Nianze na la hela maana wengi mtaniandikia kuhusu hilo. Kabla hujafikiria cheti, kiti wala ua la mezani, nenda kafungue jalada binafsi la Mama T uangalie ofisi inamdai au yeye anaidai. Lini alipanda daraja mara ya mwisho, ana malimbikizo ya mshahara, nauli ya likizo alilipwa, kuna barua yake imekaa bila majibu? Mtu anayedai haki yake ukimpa cheti anaona unamtania, na ana haki ya kuona hivyo. Ukikuta kuna kitu, kifuatilie mpaka mwisho, umletee majibu mwenyewe hata kama majibu ni "bado". Hiyo si zawadi, hilo ni deni, tusilihesabu.

Ila ukisoma barua yako vizuri, huyo mama hakubadilika kwa sababu ya hela. Mshahara wake ulikuwa ni huohuo alipokuwa anakaa mpaka saa kumi na mbili, na ni huohuo leo anapoondoka saa tisa na nusu. Kilichobadilika katikati ni semina na ile picha. Yaani ofisi yenu imetumia pesa na misumari kumfundisha mfanyakazi wake bora kwamba kujituma hakuonekani, na amefuzu!

Hii imeshachunguzwa na watu. Mwaka 2016 watafiti walitoa kazi yao kuhusu kampuni moja ya kufua nguo huko Marekani, ambako kiwanda kimojawapo kilianzisha zawadi kwa wasiochelewa wala kukosa kazini. Nia nzuri tu. Waliokuwa wachelewaji wakajirekebisha kiasi, tena kwa ujanja wa kucheza na masharti. Lakini wale ambao tangu zamani walikuwa wanawahi bila kuambiwa, utendaji wao ukashuka, mpaka hesabu ya kiwanda kizima ikaonesha hasara. Si kwamba walinyimwa zawadi, waliona tu mwingine anapigiwa makofi kwa kitu ambacho wao wamekifanya miaka yote bila mtu kugeuza shingo. Sasa kwenu ni mbaya zaidi, maana huko angalau aliyepata alikuwa amewahi kazini, kwenu kapata aliye likizo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, hapana, zawadi isiyo hela si kupoteza muda. Upande wa pili kuna kisa cha hapo jirani, Lusaka, Zambia. Watafiti waliwapa wasusi na vinyozi kazi ya kuuza kondomu za kike saluni kwao. Wengine walijitolea tu, wengine walipewa kamisheni ndogo, wengine kamisheni kubwa, na kundi jingine halikupewa hata senti, ila kila wakiuza wanabandikiwa nyota kwenye chati iliyotundikwa saluni. Matokeo yakachapishwa 2014: wa nyota waliuza kama mara mbili ya wenzao, wakiwemo wa kamisheni. Sasa usikimbilie kununua nyota mwanangu. Tazama ile nyota ilikuwaje. Kila moja ilitokana na kitu kilichouzwa, inahesabika, hakuna zamu wala kitengo. Na ilikaa mbele ya macho ya wateja, watu ambao msusi anajali wanamwonaje. Fremu yenu ya mapokezi mgeni akiiona anaona sura, haelewi huyu kafanya nini, na wenyewe mnaofanya kazi hapo ndo hamwelewi zaidi.

Haya, semina. Mi sina ugomvi na semina, nina ugomvi na hii tabia ya kugawa semina kama pilau ya msiba, kila aliyekaribu na sufuria anapakuliwa. Tuseme ukweli, watu wanaipenda Morogoro kwa ajili ya posho ya kujikimu, na hali ya maisha ilivyo hakuna wa kumlaumu. Ila posho ikishakuwa ndo shabaha, orodha inaandikwa kwa kuangalia nani hajaenda muda mrefu au nani anapendwa, na kazi yenyewe inasahaulika. Dereva kujifunza utunzaji wa kumbukumbu kidijitali, jamani.

Mafunzo yanayozaa matunda yapo. Uholanzi walifanya jaribio kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, matokeo yakachapishwa 2012, wafanyakazi waliopewa mafunzo ya wiki moja utendaji wao ulipanda kwa kama asilimia 10, na hata wenzao ambao hawakwenda wakapanda kidogo kwa kukaa nao tu. Wiki moja, sawasawa na ya kwenu. Tofauti ni kwamba wale walifundishwa kazi ileile wanayoifanya kila siku na wakarudi kwenye simu zilezile. Wa kwenu wamefundishwa kuskani wakarudi kwenye skana iliyofungiwa. Ndani ya mwezi mmoja huyo kijana wako mgeni atakuwa ameshasahau hata kitufe cha kuwashia, na si kosa lake.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya dokezo lolote, itoe hiyo skana ofisini kwa bosi ihamie masjala. Usiende na hotuba. Mwambie "bosi, wale vijana uliowapeleka Morogoro wanataka kuanza, naomba skana ishuke masjala, nitawajibika nayo". Umemsifia, umeomba, na akikataa itabidi atafute sababu. Hiyo tu mimi naihesabu ni mafunzo nusu.

Halafu hiyo kauli ya "akiondoka masjala itafungwa". Bosi anadhani anamsifia Mama T. Hapo kakiri mwenyewe kwamba ofisi ya serikali imewekwa kichwani kwa mtu mmoja, na kichwa hicho kina malaria, kina misiba, kina kustaafu. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55, na wewe jalada lake unalo, piga hesabu. Siku akiondoka kwa mara moja ndo mtajua mmefunga nini. Sababu inayotumika kumzuia ndiyo hasa sababu ya kumpeleka, na hivyo ndivyo utakavyoiandika kwenye dokezo lako.

Naam, dokezo liandike. Usikatae, ukikataa atamtafuta mwingine wa kuandika na Bagamoyo itaendewa na dereva yuleyule. Andika la kwako. Kwamba kwa gharama za kuwaweka watu hotelini wiki nzima, taasisi inaweza kumlipia mtunza kumbukumbu kozi fupi kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, Singida hapo si mbali na Dodoma, na Tabora wapo pia, na waliobaki wakafundishwa hapohapo ofisini kwenye rejesta na majalada yao wenyewe. Kwamba atakayekwenda atajwe kwa kazi anayoifanya: anayeshika majalada aende ya majalada, waandishi waendesha ofisi waende kwenye mikutano ya chama chao cha TAPSEA, dereva atafutiwe yake ya udereva, naye ni mtu anastahili. Gharama ziweke pembeni kwa pembeni, pande mbili za karatasi, bosi aone mwenyewe. Mabosi wengi hawapendi kubishiwa ila wanapenda kuonekana wameokoa pesa.

Mafunzo ya hapohapo ofisini, mwalimu unaye. Asubuhi moja kwa wiki kabla wageni hawajajaa, kabati moja linafunguliwa, Mama T anaonesha. Barua ikiingia inasomwa kwanza kujua inahusu nini, siyo kuangalia jina la aliyeiandika tu, jina na namba ya jalada vinalinganishwa, namba ya folio inaandikwa kabla haijabanwa, jalada likitoka linaandikwa limeenda kwa nani. Ile barua ya mzee itumieni kama mfano (ficheni jina), fuateni nyayo zake tangu muhuri mpaka ilikopotelea, wajue ni hatua ipi iliruka. Hicho ni kipindi cha saa moja na hakuna mwezeshaji wa hotelini atakayekifundisha vizuri hivyo.

Lakini sikiliza. Usimpe ualimu juu ya mzigo alionao hafu ukamwambia ni heshima. Huo ndo mtego wanaoingia wasimamizi wengi, mtu akijua kazi zawadi yake inakuwa kazi zaidi. Ukimpa kufundisha mwondolee kitu, kwa mfano kijana achukue kuandika rejesta ya barua zinazoingia asubuhi. Na jina lake liwe kwenye dokezo kama mkufunzi, kwa maandishi, bosi asaini. Kijana akishashika kamba, Mama T aende kozi, na wiki hiyo hakuna kumpigia simu Singida kumuuliza faili la fulani liko wapi. Mtahangaika. Hangaikeni.

Zawadi sasa. Picha ukutani mi ningeisimamisha, ila kama bosi anaipenda sana mwombe kitu kimoja tu: chini ya picha paandikwe sentensi moja ya alichofanya huyo mtu, na kusipokuwa na cha kuandika mwezi huo fremu ibaki tupu. Utaona zamu zinavyokufa zenyewe. Kikombe kiacheni, vikombe ni vya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi.

Kitu ambacho watumishi wa umma wanakithamini na hakigharimu ni barua ya pongezi iliyoandikwa sawasawa. Namaanisha barua yenye kumbukumbu namba, yenye tarehe, inayosema wazi kwamba kipindi fulani, ulirejesha majalada yaliyokuwa yamepotea na kupanga upya kabati la wastaafu, na chini kabisa "Nakala: Jalada binafsi". Ile ya "kwa utendaji wako uliotukuka" usimpelekee, hiyo kila mtu anayo na imenakiliwa. Barua ikikaa kwenye jalada inamfuata, siku ya kupandishwa au kuhamishwa anayesoma anaikuta. Makofi ya ukumbini hayamo kwenye jalada.

Na tathmini usiipuuze. OPRAS, ile fomu ya zamani ya kupima utendaji wa mtumishi, tangu 2004 wengi tuliijaza kwa kukopiana mwisho wa mwaka, tunajuana. Tangu ilipobadilishwa kwenda PEPMIS, ya kwenye kompyuta, mwaka 2023 mtumishi anaweka kazi zake kwenye mfumo na msimamizi ndo wewe unayempa alama, sasa kama unawapa wote alama zinazofanana ili usigombane na mtu, basi wewe na yule wa zamu za picha mnafanya jambo moja. Vipimo unavyo tayari kwenye rejesta: tarehe barua ilipoingia na tarehe ilipofika kwa mhusika. Toa moja kwenye nyingine, basi. Fanya sasa hivi kabla hujabadilisha chochote, ukae na hizo namba, baada ya miezi kadhaa ufanye tena. Bosi akija kusema semina ndo ilisaidia utakuwa na kitu cha kumwonesha, au utamkubalia.

Vingine vidogo vidogo muulize mwenyewe anataka nini. Kuna mtu ukimsimamisha mbele ya watu umpigie makofi unamuadhibu. Mwingine anataka Ijumaa mchana awahi kuondoka, mwingine anataka feni maana masjala nyingi hazina hata dirisha la maana, mwingine anataka kiti ambacho hakimchomi mgongo. Watu wa masjala wanakalia viti vilivyokataliwa na idara nyingine, sijui kwa nini iko hivyo nchi nzima.

Sasa Mama T unamrudishaje. Usiende na ahadi, ahadi kashazisikia. Mfuate yeye, usimwite ofisini kwako, kaa kwenye hicho kiti kibovu cha pembeni. Mwamkie, mwambie umeona jina lake linavyorukwa na kwamba umelipeleka na likakataliwa, maana inawezekana kabisa hajui kama umewahi kulipeleka, anadhani na wewe ni walewale. Mwambie skana inashuka lini. Mwoneshe dokezo kabla hujalipeleka kwa bosi, mwambie Mama, nisomee hapa nilipokosea. Atakosoa, na akianza kukosoa ujue bado anaijali hiyo ofisi. Saa tisa na nusu akishika mkoba mwache aende, ndo saa za kazi zilivyo, na hizo saa za jioni alizokuwa anawapa bure usizihesabu kama kitu alichowanyang'anya. Kama barua zinafika kwa wakati na yeye yuko nyumbani saa kumi anakunywa chai, hapo umeshinda zaidi kuliko zamani.

Asiporudi kama alivyokuwa? Inawezekana. Wengine wakishakata tamaa wanabaki hapohapo mpaka kustaafu, na kama hapo juu mambo hayajabadilika siwezi kumlaumu. Ila kijana mgeni atakuwa ameshajifunza, na yeye atakuwa ameona kwamba kwenye ofisi hii ukifanya kuna anayeona.

Jambo la mwisho, kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mpango wa mafunzo unaenda na bajeti, fungu likishapangwa Bagamoyo hata waziri hatakusaidia kulihamisha. Muulize mtu wa mipango leo wanafunga lini, na hilo dokezo liwe mezani kwa bosi kabla ya siku hiyo, jina la Mama T likiwa la kwanza kwenye orodha.

Anti